Kiti cha Mbele: shajara ya ndege yetu ya mbao, Voi

Jumamosi, 18 Januari

Leo tumeanza. Fundi amekubali kutuachia kona ya karakana yake kila Jumamosi baada ya saa nane mchana. Wanafunzi kumi na wawili wamefika, na mbao za kwanza za saipresi zimelala juu ya benchi. Tunaunda mfano wa ndege aina ya Gipsy Moth, ndege ndogo ya zamani yenye mabawa ya juu na ya chini, robo ya ukubwa wake halisi, na inatakiwa iwe tayari ifikapo tarehe 14 Mei.

Tarehe hiyo nimeichagua kwa sababu. Alhamisi asubuhi, 14 Mei 1931, Gipsy Moth moja iliruka kutoka uwanja wa hapa Voi, ikazunguka angani kidogo, kisha ikaanguka karibu na uwanja na kushika moto. Aliyekuwa akiirusha ni Denys Finch Hatton, Mwingereza wa miaka 44, askari wa Vita Kuu ya Kwanza katika nchi zetu hizi na mmoja wa marubani wa mwanzo wa Kenya. Wageni hutoka mbali kuja kulitafuta kaburi lake Ngong. Hapa alipofia, watoto wanapita na mikoba yao kwenda shule bila kusikia habari zake, na jambo hilo limeniuma kwa muda mrefu.

Vipimo nimewaachia watoto wavigawanye wenyewe kwa nne. Mabawa ya ndege halisi, ncha hadi ncha, ni mita 9.14, yetu yatakuwa mita 2.29. Urefu wa mita 7.3 hivi unakuwa mita 1.82. Fundi ameangalia mlango wa karakana, akapima kwa macho, akasema itapita ikilazwa ubavu.

Jumamosi, 1 Februari

Mbavu nane za kiwiliwili zimekatwa. Wakati gundi inakauka nimewasimulia habari za Denys.

Alizaliwa 24 Aprili 1887, mtoto wa pili wa kiume wa lodi wa Winchilsea. Cheo na ardhi ya ukoo ni vya kaka mkubwa, kwa hiyo yeye alisoma Eton na Oxford, halafu mwaka 1911 akaja Afrika Mashariki kujitafutia. Vita vilipozuka mwaka 1914 alijiunga na kikosi cha rafiki yake Berkeley Cole, kikosi cha Wasomali waliopanda farasi. Baadaye akawa msaidizi wa Jenerali Hoskins, akatunukiwa nishani ya Military Cross, na jenerali alipohamishiwa Mesopotamia, Iraki ya leo, mwaka 1917 akaenda naye. Mwisho wa vita ulimkuta Misri, akitaka kuwa rubani.

Amani iliporudi alirejea Kenya, akafanya biashara na kuongoza safari za uwindaji. Mwaka 1928, na tena mwaka 1930, aliyemwongoza porini alikuwa mrithi wa ufalme wa Uingereza. Lakini kitu ambacho mimi namheshimu nacho zaidi ni kwamba mwindaji huyuhuyu aliandika kwenye gazeti la The Times kuwapinga watu waliokuwa wakiwaua simba Serengeti kwa kuwakimbiza na magari. Mtu anayeijua kazi ndiye anayejua ilipoharibika.

Mwaka 1930 akanunua Gipsy Moth yake huko Uingereza, ikaletwa Kenya. Alikuja nayo Voi kwa jambo ambalo wakati ule lilikuwa jipya kabisa: kutafuta makundi ya tembo kutoka angani, ili kambi ya wawindaji ijue pa kuelekea. Leo watu wa hifadhi ya Tsavo wanarusha ndege ndogo juu ya vichaka hivihivi kuwahesabu tembo na kuwalinda. Kuona kutoka juu ni kulekule, kusudi ndilo limegeuka.

Msichana mmoja wa gredi ya nane ameuliza kwa nini mwendesha ndege tunamwita rubani na si dereva. Nimefurahi sana. Nimemwambia neno hilo ni la baharini: kabla ya ndege kuwapo, rubani alikuwa mtu anayejua njia ya maji, anayeingiza chombo bandarini bila kukipandisha mwambani. Watu wa pwani walipoona mtu anaongoza chombo hewani, neno walikuwa nalo tayari.

Jumamosi, 15 Februari

Leo kazi imesimama kwa nusu saa, na nadhani ndiyo nusu saa ya maana kuliko zote hadi sasa.

Babu mmoja jirani ya karakana amekuwa akija kukaa kwenye kigogo na kututazama. Hajawahi kusema mengi. Leo amesimama, akaweka mkono ndani ya kiwiliwili pale tulipokata matundu mawili ya viti, akaniuliza:

“Mwalimu, hapa naona viti viwili. Kimoja cha huyo Mwingereza wenu. Na hiki kingine, alikalia nani?”

Nikamwambia: Kamau. Mkikuyu, mtumishi wa Denys. Walikufa pamoja.

“Na mbona sijakusikia ukimtaja?”

Nilikosa la kujibu. Tangu Januari nimewasimulia watoto hawa habari za Eton na Oxford, za mwana wa mfalme na jenerali, na Kamau sikumtaja hata mara moja. Nilimjua. Yumo katika kila simulizi ya ajali ile, katika sentensi moja, mwishoni, baada ya nukta.

Babu alikaa tena akatueleza ya kwao Kasigau. Mwaka 1915 Wajerumani waliuteka mlima wa Kasigau, na Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba wao ndio waliowaonyesha adui njia. Wakasigau wakakusanywa, nyumba zao zikachomwa, wakapelekwa Malindi, nchi ya joto na homa wasiyoizoea. Wengi walifia huko, na waliobaki walikaa uhamishoni miaka mingi. “Hao nao ni watu wa vita vile,” alisema. “Vita havikuwa vya wenye bunduki tu.”

Tumekubaliana wote, na Fundi akiwamo: hii si ndege ya Denys peke yake. Ina watu wawili. Kibao cha karatasi tulichobandika ukutani kilichosema “Ndege ya Denys” kimeondolewa.

Jumamosi, 8 Machi

Kiwiliwili kimefungwa kwa plaiwudi nyembamba. Ndege halisi nayo ilikuwa hivyo: fremu ya mbao, plaiwudi ubavuni, mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Injini ya Gipsy ilikuwa na nguvu za farasi 100 hivi, chini ya magari mengi madogo yanayopita barabara ya Mombasa leo. Mabawa yaliweza kukunjwa nyuma yakalala kando ya kiwiliwili kama ya nzi aliyetulia, ndege ikaingia kwenye banda la gari. Fundi ameipenda hiyo bawaba ya mabawa kuliko kitu kingine chochote na ametumia siku nzima kuitengeneza. Sijamharakisha.

Jumamosi, 22 Machi

Nataka kuyaandika haya yote kabla sijalala.

Moth ina viti viwili vilivyofuatana, vyote wazi juu. Rubani anakaa nyuma. Abiria yuko mbele yake, kichwa chake kikimtangulia rubani kwenye upepo. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyekuwa mpenzi wa Denys na aliyepanda naye mara nyingi, aliandika vizuri juu ya hali hiyo: unakaa mbele na huna kitu mbele yako ila anga. Kwa hiyo kiti cha abiria, ambacho ni kiti cha Kamau, ndicho cha mbele.

Watoto waliona ajabu. Katika akili zao bwana hukaa mbele na mtumishi nyuma, kama tulivyozoea kuona kwenye picha za zamani. Nikawaeleza sababu ni uzito. Kiti cha mbele kimewekwa karibu na pale ndege inapojisawazisha, chini ya bawa la juu, ili ikiwa na abiria au haina, isielemee mbele wala nyuma. Rubani anaporuka peke yake anabaki kiti cha nyuma, na mambo hayabadiliki sana.

Fundi hakutaka tuishie kwenye maneno. Alifunga kamba kwenye boriti, akaining'iniza ndege yetu kwa mahali pake pa mizani, akaongeza vipande vya chuma puani hadi ikatulia sawa kabisa. Halafu akachukua jiwe la kilo moja akaliweka kiti cha nyuma. Mkia ukazama papo hapo. Akalitoa, ndege ikarudi sawa, akaliweka jiwe lilelile kiti cha mbele. Ndege haikutikisika ila kidogo tu. Ilibaki sawa kama vile hakuna aliyepanda.

Yule msichana wa gredi ya nane akasema polepole, “Kwa hiyo imetengenezwa mtu wa mbele asijulikane kama yupo.”

Mhandisi hakukusudia hivyo, na nilimwambia. Lakini karakana ilinyamaza, na Babu kwenye kigogo chake alitikisa kichwa akimwangalia yule mtoto kwa muda.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumepata hasara. Mabawa manne yalikuwa yamevikwa amerikani wiki iliyopita, tukaipaka wanga wa muhogo ili kitambaa kijikaze. Kilijikaza vizuri mno, kama ngoma. Usiku wa Jumatano mvua ilinyesha, unyevu ukaingia, kitambaa kikalegea, na panya wakafuata wanga. Bawa la chini la kulia limeliwa kutoka ncha hadi katikati.

Tumelivua bawa lote. Safari hii tunatumia gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji, matabaka matatu, tukisubiri kila tabaka likauke. Panya hawana haja nayo. Nyaya za kukaza mabawa ni za breki ya baiskeli, magurudumu ni ya kigari cha mtoto kilichovunjika. Shule zimefungwa leo, kwa hiyo nimebaki na wanafunzi watano, wale wasiosafiri.

Jumamosi, 19 Aprili

Safari ya Ngong. Tumetoka Voi kwa treni jana, mabehewa yamejaa watu wa Pasaka, nikiwa na watoto wale watano na mzazi mmoja. Babu alitaka kuja, magoti yakamkatalia.

Njiani nimewasimulia siku za mwisho, kwa kuwa reli hii inafuata karibu njia ileile. Mei ile Denys aliruka kwanza hadi Takaungu, karibu na Kilifi, alikokuwa na nyumba kando ya maji. Huko rafadha, ile panga inayozunguka puani mwa ndege, iligonga tumbawe ikapasuka ncha, akapeleka simu Nairobi aletewe nyingine. Ikaletwa, ikafungwa, akaruka kuja Voi. Beryl Markham, ambaye mwaka 1936 alikuja kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, alisimulia kwamba Denys alimwalika waende pamoja, na rubani mwenzao Tom Campbell Black akamsihi asiende. Katika Kiswahili chombo kirukacho, kiumbe kirukacho na dalili ya jambo lijalo vyote ni ndege. Wazee wa pwani husema ndege njema, ndege mbaya. Mzazi tuliyekuwa naye aliposikia habari ya Beryl alisema “ndege mbaya” kabla yangu.

Karen naye aliomba kwenda. Aliandika kwamba Denys alimkubalia, kisha akabadili kauli: huenda ikabidi atue na kulala porini, kwa hiyo lazima achukue mtumishi. Na kiti cha abiria ni kimoja. Nimelirudia hilo kwa watoto mara mbili. Karen aliishi hadi mwaka 1962, akaandika vitabu vinavyosomwa ulimwengu mzima. Alinyimwa kiti akapewa Kamau, kwa sababu mtu wa kuwasha moto, kuchota maji na kukesha alihitajika zaidi siku ile kuliko mtu wa kuzungumza naye.

Tulifika kaburini asubuhi. Liko kwenye mteremko wa mashariki wa vilima vya Ngong, mahali ambapo Denys na Karen walikuwa wamepachagua wenyewe wakati wa uhai wake. Siku ya maziko mwili ulikuja Nairobi kwa treni kutoka Voi, na wanaume Wakikuyu walikuwa wamelichimba kaburi kwenye ukungu na mvua. Karen alilizungushia mawe meupe ili aweze kuliona kutoka shambani kwake, na aliandika pia kwamba Wamasai walikuwa wakiona simba, dume na jike, wakija kulala juu yake. Mnara mwembamba uliopo sasa uliwekwa na kaka yake Denys. Una bamba la shaba lenye jina lake, miaka yake, na ubeti wa mshairi Coleridge unaosema kwamba anayesali vyema ni yule apendaye vyema mtu, ndege na mnyama.

Watoto walisoma bamba. Mvulana mmoja alilizunguka kaburi lote, akaenda nyuma ya mnara, akarudi.

“Mwalimu, nimeangalia pande zote.”

Nilijua alichokuwa akitafuta.

Sikuwa na hasira pale. Ni mahali pazuri, pametunzwa, na yule ndugu aliyeweka jiwe alimlilia nduguye kama ambavyo yeyote kati yetu angelia. Tuliweka maua mekundu tuliyokuja nayo. Kisha yule mvulana akachukua kokoto nyeupe kutoka njiani, akaiweka chini ya bamba, bila kuambiwa na mtu.

Jumamosi, 3 Mei

Ndege imesimama kwa magurudumu yake! Imepakwa rangi ya njano. Bado usukani wa mkia, nyaya mbili za kushoto, na ubao wa maelezo.

Ubao umetuchukua mchana wote, na nafurahi umetuchukua. Nimewaletea watoto mifano miwili ya kufikiria. Wa kwanza ni sanamu za askari zilizoko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zilizowekwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Maandishi yake yapo kwa Kiswahili pia, yanawataja wachukuzi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Wa pili ni ripoti ya mwaka 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume yenyewe ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda idadi ikafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni mitaa iliyobeba jina la kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps. Majina ya wachukuzi wenyewe hayakubebwa na yeyote.

Kwenda kwenye makaburi ya vita ya hapa Voi ni mwendo mfupi kutoka karakana. Tulitembea hadi huko tukatazama jinsi mawe yalivyopangwa, yote kimo kimoja, awe ofisa au askari wa kawaida. Hapo ndipo tulipopata jibu la ubao.

Majina mawili, herufi za ukubwa mmoja, mstari mmoja. La Denys lina maneno matatu na la Kamau neno moja. Wengine walitaka tulitanue jina la Kamau ili lijaze nafasi. Wengine walitaka tuongeze “mtumishi”. Babu akasema kila Kamau ana baba, naye huitwa Kamau wa fulani, basi acheni nafasi ya baba yake. Ndivyo tulivyofanya. Fundi amechonga “KAMAU” kwa patasi, na baada yake akaacha mbao tupu, iliyosawazishwa kwa randa na kupakwa vanishi, yenye upana wa maneno mawili. Chini yake: “Walikufa pamoja Voi, 14 Mei 1931.”

Jumatano, 14 Mei

Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika saa moja. Tuliitoa ndege karakana ikiwa imekunjwa mabawa, ikapita mlangoni wima bila kulazwa, na Fundi alifurahi kupita kiasi. Tukaikokota hadi shuleni, watu wa bodaboda wakisimama kutupisha.

Watoto wameeleza wao. Mimi nilikaa kwenye benchi. Mvulana aliyezunguka kaburi alieleza vita na Military Cross na tembo waliotafutwa kutoka angani, kwa heshima, kama habari za mtu wa kwao. Msichana wa gredi ya nane alieleza viti. Aliining'iniza ndege kwenye tawi la mwarobaini, akarudia jaribio la jiwe, nyuma kisha mbele, na shule nzima, watu wazima kwa watoto, wakaiona ikibaki sawa. Kisha akaliacha jiwe kiti cha mbele. Hatukuwa tumepanga hivyo.

Walipotawanyika, Babu alikuja kwa mkongojo wake akaomba ashushiwe ndege chini kidogo aione. Alipitisha kidole kwenye jina lililochongwa, akaendelea hadi mwisho wa ile mbao tupu, akauliza kama vanishi imekauka. Fundi akamwambia bado siku mbili.

Nyaya mbili za kushoto zimelegea njiani. Kesho baada ya saa kumi tunazikaza, halafu ndege inaingia maktaba.